Sumbawanga, Mpanda, Namanyere au Kirando: mji upi ukihamia Rukwa na Katavi

Wengi wanaohamia kona ile ya kusini-magharibi ya Tanzania, awe mtumishi aliyepangiwa kituo, mfanyabiashara wa mazao au mstaafu anayetafuta shamba, huanza kwa kuulizia kodi ya chumba. Kodi haitakusaidia sana kuamua. Kinachoitofautisha miji hii ni mambo mawili: mji uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na siku ya dharura barabara yake inakupeleka wapi. Ukishayajua hayo, mengine kama chakula, malaria, aina ya nyumba na kazi yanaeleweka kwa urahisi.

Tunalinganisha miji minne. Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Mpanda ni makao makuu ya Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Namanyere ni makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, na Kirando ni mji wa wavuvi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambao tunauhesabu pamoja na jirani yake Kipili yenye bandari. Laela, Matai, Inyonga na Usevya tutazigusa kwa ajili ya wale wanaopelekwa huko na kazi.

Anza na mwinuko

Sumbawanga imekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700. Mpanda iko kwenye mita 1,100 hivi. Kirando iko ukingoni mwa maji, na Tanganyika yenyewe iko karibu mita 770. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo siku ambayo mtu wa Kirando anatafuta kivuli, mwenzake wa Sumbawanga amevaa sweta. Namanyere bado iko uwandani, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda ziwani, na hali yake ya hewa ndiyo ya wastani kuliko zote.

Mvua huku ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba na kuisha Aprili, kisha kiangazi kitupu hadi Oktoba. Baridi ya Sumbawanga hukaza Juni na Julai: usiku nyuzi hushuka hadi kukaribia 10, na mchana upepo wa kusini-mashariki unavuma ukibeba vumbi. Aliyetoka Dar es Salaam au Tanga na shuka zake mbili atalala vibaya. Kila kitanda kinahitaji blanketi zito, na mwenye pumu au maumivu ya viungo afikirie mara mbili kabla ya kuuchagua mji huu.

Unapokagua nyumba ya kupanga Sumbawanga, inua macho uangalie pale ukuta unapokutana na bati. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zimeachwa na uwazi wa vidole vitatu au vinne mahali hapo, na hazina dari. Pwani uwazi huo ni neema. Huku upepo unaingia humo usiku kucha, na vumbi la Agosti linatua juu ya vyombo. Chagua nyumba yenye dari, au mwambie mwenye nyumba azibe uwazi kabla hujalipa, maana akishapokea kodi ya miezi sita hana haraka tena. Ila kama unapikia mkaa, jiko litoke nje kabla hamjalala. Chumba kilichozibwa vizuri chenye jiko la mkaa linalofuka taratibu hujaa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila kipupwe watu hufa hivyo katika maeneo ya baridi.

Mpanda ni kinyume chake. Joto hukomaa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, na nyumba nzuri ni ile yenye dari, baraza, miti uani na nyavu za madirisha zisizochanika. Nyavu ni muhimu kwa sababu ya malaria. Kadiri unavyoshuka kutoka uwandani ndivyo mbu wa malaria wanavyostawi, kwa hiyo Mpanda, Kirando na bonde lote la Ziwa Rukwa vina mzigo mkubwa kuliko Sumbawanga. Watu wa uwandani nao wana hatari yao: mtoto aliyekulia Sumbawanga hajazoea malaria, na akipelekwa wiki moja ziwani au bondeni bila chandarua anaweza kurudi akiwa mgonjwa sana. Homa yoyote ndani ya wiki mbili au tatu baada ya safari ya namna hiyo ipimwe siku hiyo hiyo.

Mwinuko unagusa hata ghala lako. Rukwa na Katavi zote ni mikoa ya mahindi, na mkazi mwenye busara hununua chakula cha mwaka Julai, mavuno yakiwa yamejaa sokoni, badala ya kusubiri Januari bei ikiwa imepanda. Familia ya watu watano inayokula ugali kila siku ihesabu magunia matano hadi saba ya kilo 100. Nunua kwa mizani, usikubali lumbesa, yaani gunia lililofurishwa kupita kipimo chake. Sumbawanga, kwa baridi yake, wadudu wa ghalani huzaliana polepole. Mpanda na Kirando dumuzi anaweza kugeuza gunia kuwa unga ndani ya miezi michache, kwa hiyo huko tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani ya kiroba, na kila plastiki ifungwe peke yake kwa kukazwa.

Mfuko huo hauokoi mahindi mabichi. Yataoza humo humo. Pima ukavu hivi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, basi rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini, funga mfuko.

Barabara inaelekea wapi

Sumbawanga inatazama Mbeya. Lami hadi Tunduma ni kilomita 223, na kutoka Tunduma hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Kwa njia hiyo ndiko yanakotoka saruji ya Songwe, vipuri, dawa za dukani na bidhaa nyingi za viwandani, na ndiko anakopelekwa mgonjwa aliyeshindikana katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kasoro kubwa iko Tunduma. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo hufunga barabara kwa foleni ndefu, na gari la abiria au la mgonjwa linaweza kupoteza muda mwingi kwenye kilomita chache. Mabasi mengi huondoka alfajiri, na anayesafiri kwa gari lake afanye hivyo hivyo.

Mpanda inatazama Tabora. Barabara ya Tabora kupitia Sikonge, Ipole na Inyonga ni kama kilomita 350, na kuwekwa lami kumeibadilisha Mpanda kuliko jambo lolote la miaka ya karibuni. Safari ambayo wakati wa masika ilikuwa ya kukwama na kulala njiani sasa ni ya mchana mmoja. Sehemu kubwa inapita kwenye pori la miombo: mtandao wa simu unapotea kwa vipande virefu, vituo vya mafuta viko mbalimbali, na ndorobo wanaingia ukifungua dirisha. Jaza tangi Mpanda au Sikonge, na usiondoke bila tairi la akiba lenye upepo.

Kwa rufaa za kitabibu, hapa ndipo Mpanda inapopungukiwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa ipo mjini, lakini ukihitaji ngazi ya kanda uko mbali na kila upande. Mbeya iko zaidi ya kilomita 550 kwa kupitia Sumbawanga, na ukienda Tabora bado una safari nyingine kama hiyo kufika Bugando, Mwanza. Mwenye mgonjwa wa moyo, wa figo au wa saratani nyumbani, au mtoto anayehitaji kuonwa na bingwa kila baada ya miezi michache, akae Sumbawanga. Hapo hatuoni cha kupima tena.

Mpanda ina vitu viwili vya kuifidia. Cha kwanza ni reli: tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua kwenye reli ya kati, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Treni ya abiria ina siku zake chache kwa wiki na mwendo wake ni wa taratibu, na masika maji yakila tuta safari husimama. Lakini kwa kuhamisha vitanda, makabati na mizigo mizito kutoka Tabora, ulinganishe nauli yake na ya lori kabla hujaamua. Cha pili ni uwanja wa ndege wenye safari za Air Tanzania kwenda Dar es Salaam. Mkazi wa Sumbawanga kwa miaka mingi amelazimika kwenda kupanda ndege Songwe, Mbeya, wakati uwanja wake ukisubiri kupanuliwa. Kama kazi yako ni ya kusafiri mara kwa mara, ulizia ratiba za viwanja vyote viwili wiki ile unayoamua, kwa kuwa hubadilika.

Kati ya Sumbawanga na Mpanda kwenyewe kuna kilomita 240 hivi. Lami imekuwa ikiungana kipande kwa kipande, na kilichobaki nyuma muda mrefu ni eneo la Kibaoni hadi Sitalike, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi na ndani yake. Waulize madereva wa mabasi wa wiki hiyo, wao ndio wanaojua. Ndani ya hifadhi punguza mwendo, na usiku usipite kabisa, kwani tembo na nyati husimama barabarani na taa za gari haziwaondoi.

Namanyere iko kama kilomita 100 kutoka Sumbawanga, na haiko kwenye barabara kuu. Unakata magharibi baada ya kupita Chala. Hilo linaonekana dogo kwenye ramani, lakini maishani lina uzito: mabasi ya masafa marefu kati ya Mpanda na Mbeya hayapiti mjini, kwa hiyo mzigo wako unashushwa njia panda na unautafutia bodaboda au gari dogo. Kutoka Namanyere kwenda Kirando ni zaidi ya kilomita 50 za kuteremka, sehemu kubwa ni changarawe. Kiangazi ni vumbi tu. Masika makorongo yanachimba pembeni, na lori moja lililolala kwenye kona linazuia kila kitu kinachokuja nyuma yake. Mkazi wa Kirando aweke akiba ya mwezi mzima ya dawa anazotumia kila siku, mafuta ya kupikia, sukari na unga kuanzia Desemba. Mjamzito asogee Namanyere au Sumbawanga wiki tatu au nne kabla ya siku zake, asisubiri uchungu uanzie ziwani.

Umeme na maji

Rukwa kwa miaka mingi imepata umeme wake kutoka Zambia, kwa njia ya kilovolti 66 inayotoka Mbala hadi Sumbawanga. Maana yake kwa mkazi ni kwamba ukame wa Zambia unaweza kuzima taa yako hata kama mabwawa ya Tanzania yamejaa. Mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga umebuniwa kuondoa utegemezi huo. Katavi yenyewe ilikaa miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ndiyo iliyojengwa kuiingiza Mpanda kwenye gridi ya Taifa. Kabla ya kununua friji kubwa au mashine ya kuchomelea, waulize mafundi wa mtaa unaokwenda kukaa, maana umeme wa kusuasua unaunguza mota haraka kuliko kukatika moja kwa moja. Kifaa cha kulinda friji ni cha lazima katika miji yote minne.

Maji ni hadithi ya mtaa kwa mtaa zaidi ya mji kwa mji. Sumbawanga inahudumiwa na SUWASA, Mpanda na MUWASA, na katika yote miwili mitaa ya zamani ina mgawo ulio bora kuliko ile mipya ya pembezoni. Namanyere ndiyo yenye shida ya siku nyingi. Bwawa la Mfili halijawahi kuutosha mji unaokua, na Septemba hadi Novemba foleni za madumu ni jambo la kawaida. Ukichagua Namanyere, panga nyumba yenye tanki, au nunua lako. Watu watano wakitumia dumu moja la lita 20 kila mtu kwa siku, tanki la lita 1,000 linawapeleka siku kumi. Mfereji wa bati ukingoni mwa paa, ukielekezwa tankini, unakupa maji ya bure kuanzia Novemba, ila acha mvua ya kwanza ioshe paa kabla hujaunganisha bomba.

Riziki inatoka wapi

Sumbawanga inaishi kwa nafaka: mahindi, maharage, ulezi, ngano, alizeti. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ana maghala makubwa pale, na msimu wa kununua ukifunguka mji mzima unabadilika. Mwenye mtaji wa magunia na pahali pakavu pa kuhifadhia anapata biashara bila kulima. Hatari yake inajulikana: serikali ikichelewa kununua au mpaka ukifungwa, bei inashuka na mzigo unabaki kwako. Usikope fedha ya muda mfupi kwa ajili ya mahindi.

Mpanda ina mchanganyiko mkubwa zaidi. Kuna mpunga, tumbaku inayouzwa kupitia vyama vya msingi, karanga, ng'ombe wa wafugaji waliotoka Usukumani, na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Katavi ilihesabiwa kuwa na watu 564,604 katika sensa ya 2012, na 1,152,958 katika sensa ya 2022. Idadi ya watu imeongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi, na dalili zake unaziona kwa macho: mitaa mipya isiyo na mifereji, madarasa yaliyojaa, vyumba vinavyopata mpangaji kabla plasta haijakauka. Anayefungua duka la vifaa vya ujenzi, karakana ya kuchomelea, duka la dawa au shule ya awali atapata wateja Mpanda mapema kuliko Sumbawanga. Nje kidogo ya mji kuna Katumba, na kaskazini zaidi Mishamo, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 ambao wengi wao baadaye walipewa uraia. Ni wakulima hodari na mazao yao yanaingia kwa wingi soko la Mpanda. Ukiwa mnunuzi wa mazao, nenda ukajitambulishe huko mapema.

Jambo moja linawashtua wageni wa miji yote: msimu wa kuuza mazao mawakala wa fedha huishiwa taslimu. Wakulima wote wanatoa pesa wiki moja, na wakala anakuambia urudi kesho. Namanyere na Kirando hali ni mbaya zaidi kwa sababu benki ni chache na gari la fedha halifiki kila siku. Toa mapema, na weka nyumbani kiasi cha wiki mbili.

Namanyere kwa upande wa riziki ni mji wa ofisi za wilaya, mashamba na wapitaji. Kwa mtumishi mwenye familia changa anayetaka kulima ekari chache jioni na wikendi, ni mzuri kuliko unavyosifiwa. Ardhi iko karibu, joto ni la wastani, hospitali ya wilaya ipo. Kwa anayetegemea biashara peke yake, ni mdogo.

Kirando, kwa karibu

Kirando inafuata mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi inapowaka, kwa hiyo wiki za giza ndizo za pesa. Alfajiri ya giza zuri mitumbwi inarudi imejaa, dagaa wanamwagwa kwenye vichanja au mchangani, wanawake wanapita wakiwageuza kwa mkono kabla jua halijawa kali, na hadi mchana wachuuzi wa Sumbawanga wameshapima magunia. Wiki ya mbalamwezi vibanda vya chipsi vinafunga mapema na kila mtu anakopa. Mwenye duka hapa auze kwa mkopo kwa kuandika, na adai giza linaporudi. Masika kuna tatizo jingine: mvua ikinyesha dagaa wakiwa nusu wakavu wanageuka rangi na kunuka, na mzigo wa siku nzima unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Vichanja vilivyoinuliwa, vyenye turubai la kufunika upesi, ndivyo vinavyookoa mzigo.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika ziwa zima upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine za ziwa hilo. Anayehamia Kirando kwa biashara ya samaki lazima apange miezi mitatu ya kutopata kitu, na aulize kila mwaka tarehe zilizotangazwa. Miezi hiyo pia ndiyo ya upepo mkali wa kusini, na maboti ya mbao kati ya Kirando, Kipili na vijiji vya kaskazini husafiri kwa hatari. Usipande boti lisilo na maboya ya kutosha, hata kama ni la mwisho siku hiyo. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na iliyokuwa uti wa mgongo wa usafiri wa ziwa hili, imekaa miaka nje ya huduma, kwa hiyo usipange maisha yako kwa kuitegemea.

Afya ya Kirando inahitaji nidhamu. Maji ya ziwa yanaonekana safi kama kioo, lakini yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu kipindupindu kimezoea kurudi vijiji vya mwambao. Kichocho kipo kwenye kingo zenye majani, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Kwa mtu mwenye afya, asiye na watoto wadogo, anayependa ziwa na mwenye mtaji wa samaki, hakuna mji mwingine huku unaolipa haraka hivi. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, tungeshauri mmoja wenu afanye kazi Kirando na nyumba iwe Namanyere.

Ukipangiwa vimji vingine

Laela, kwenye lami ya Tunduma, ina soko zuri la nafaka na usafiri wa kila saa, na ndiyo rahisi kuliko vyote. Matai, makao makuu ya Kalambo, iko kwenye barabara ya lami ya kilomita 112 kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga, ni baridi na tulivu, na mpaka wa Zambia uko karibu. Inyonga ni ya asali, na lami ya Tabora imeitoa upwekeni. Usevya na Kibaoni zina joto, mpunga na kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iliyopewa jina la Mizengo Pinda, kwa hiyo vyumba vya kupangisha wanafunzi vina soko.

Kiwanja kabla ya nyumba

Panga kwanza, nunua baadaye. Mwaka mmoja wa kupanga unakuonyesha masika na kiangazi chote. Ukiamua kununua mjini, anza ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kama eneo lina mgogoro, kisha nenda idara ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja na ya kitalu, uone kwa macho yako mchoro wa mipango miji na jina la mmiliki. Rudi kwenye kiwanja na mpima, tafuteni bikoni zote nne. Malipo ya serikali yanapita kwenye namba ya malipo tu. Anayetaka taslimu mkononi kwa niaba ya halmashauri, mwache. Shamba la kijijini lina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo dai muhtasari wa mkutano huo, wenye mahudhurio. Saini ya mwenyekiti peke yake haikulindi.

Katavi ina onyo lake. Sehemu kubwa ya mkoa ni hifadhi ya taifa, mapori na misitu ya hifadhi, na watu wameuziwa mashamba mazuri yaliyo ndani ya mipaka hiyo, wakalima misimu miwili, kisha wakaondolewa bila fidia. Bei ikiwa rahisi mno na shamba likiwa na miti mikubwa isiyoguswa, nenda ofisi ya misitu ya wilaya na vipimo vya GPS kabla hujatoa hata posho ya dalali. Reli ya kisasa ya Kaliua, Mpanda hadi Karema imo kwenye mipango ya taifa, na madalali wanaitumia kupandisha bei kando ya njia wanayoikisia wao.

Ujenzi upange kwa majira. Matofali hufyatuliwa Mei na Juni udongo ungali na unyevu, yanakauka kivulini, yanachomwa Agosti au Septemba, na bati liwe juu kabla ya katikati ya Novemba. Tanuri lililochelewa hadi mvua zinapoanza hutoa matofali mekundu nje na mabichi ndani. Yagonge mawili kwa mawili, na lile linalotoa sauti butu usilijengee msingi. Sumbawanga paa lifungwe kwa waya au vyuma vilivyozikwa kwenye renta, misumari peke yake haishindi upepo wa Agosti.

Na Kirando usinunue ufukweni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na tangu 2020 Tanganyika imepanda na kumeza nyumba na maghala mwambao mzima. Pima mita hizo kwa futi ya kamba kutoka alama ya juu kabisa ya maji unayoiona kwenye kuta na mashina ya miti, usianzie pale maji yalipo siku hiyo. Muuzaji atapenda mpime Oktoba ziwa likiwa limeshuka. Mwambie mpime tena Mei.